Uchambuzi: Ubingwa wa soka Uganda hujengwa langoni mwa shule

Kilima cha Kasubi, kaskazini-magharibi mwa katikati ya jiji la Kampala, kinajulikana ulimwenguni kwa makaburi ya wafalme wa Buganda. Wafalme wanne wamezikwa hapo. Wa mwisho kati yao ni Kabaka Edward Mutesa wa Pili, aliyefariki London mwaka 1969 na mwili wake kurejeshwa nyumbani mwaka 1971. Ndani ya tarafa ile ile ya Rubaga, upande wa kusini, upo uwanja wa soka unaobeba jina lake: Mutesa II, Wankulukuku, makao ya klabu ya Express. Kwa shabiki wa Kasubi, huo ndio uwanja wa jirani.

Lakini kijana wa Kasubi mwenye kipaji cha soka haanzi safari yake kwa kubisha hodi Wankulukuku. Anayebisha hodi ni mzazi wake, na mlango wenyewe ni wa shule ya sekondari. Anaomba mwanawe apokewe kwa karo iliyopunguzwa, au asitozwe kabisa, kwa sababu anajua kucheza. Jibu atakalopewa mzazi huyo lina uzito katika maisha ya mtoto mmoja. Majibu ya aina hiyo yakikusanywa kwa miaka kadhaa, yana uzito pia katika swali ambalo mashabiki huliuliza kila Agosti msimu unapokaribia: nani atakuwa bingwa wa Uganda?

Hesabu ya misimu 11

Kuanzia msimu uliomalizika mwaka 2015 hadi ule wa 2025, Ligi Kuu ya Uganda ilipata mabingwa wanne tu. Vipers ya Kitende, kando ya barabara iendayo Entebbe, ilitwaa kombe mara sita. KCCA, timu ya Mamlaka ya Jiji la Kampala yenye makao yake Lugogo, ilitwaa mara tatu. Express ilishinda mara moja, mwaka 2021, katika msimu uliokatizwa na janga la Uviko-19. SC Villa nayo mara moja, mwaka 2024.

Klabu hizo zote nne ziko Kampala au pembezoni mwake. Hutazama mashindano yale yale ya vijana, na watu wao wa kusaka vipaji hukutana kwenye viwanja vile vile vya udongo mwekundu. Ni vigumu kwa yoyote kati yao kudai kwamba haikumwona mchezaji fulani alipokuwa mdogo. Tofauti iko katika kile kinachofuata baada ya kumwona: nani anamlisha, nani anamlipia masomo, na jina lake linaandikwa kwenye daftari la nani.

Ajira kwanza, mpira baadaye

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Klabu inayoitwa leo KCCA ilianzishwa mwaka 1963 na Samuel Wamala, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha majitaka katika baraza la jiji, na wachezaji wake wa awali walikuwa wafanyakazi wa kitengo hicho. Kikosi kilijengwa kwa njia iliyokuwa ya kawaida katika Afrika Mashariki ya wakati ule, yaani kumpa mchezaji kazi. Mshahara ulitoka kwa mwajiri, mazoezi yalifanyika jioni, na mchezaji hakuwa na haraka ya kuhama kwa sababu kuhama kulimaanisha kuacha ajira.

Njia hiyo ilidumu muda mrefu kuliko inavyodhaniwa. Baada ya Villa kutwaa ubingwa wa 2004, mabingwa watano waliofuata walikuwa wote timu za taasisi za umma: Polisi mwaka 2005, Mamlaka ya Mapato URA mwaka 2006 na 2007, KCC mwaka 2008, kisha URA tena mwaka 2009. Katika ligi ambamo malimbikizo ya mishahara ni malalamiko ya kila msimu, timu ambayo mshahara wake hufika mwisho wa mwezi ina faida isiyoonekana kwenye jedwali la takwimu. Mchezaji wa kawaida anayelala bila wasiwasi wa kodi ya nyumba anaweza kumshinda mwenye kipaji kikubwa zaidi ambaye hajalipwa kwa miezi mitatu.

Villa yenyewe ilifuata njia nyingine. Ilianzishwa mwaka 1975 kwa jina la Nakivubo Boys, na kati ya 1982 na 2004 ilikusanya mataji 16 ya ligi. Mwaka 1991 ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, ikafungwa na Club Africain ya Tunisia. Nguvu yake ilitokana na umati wa mashabiki na wafadhili wenye fedha, na kwa fedha hizo iliwavuta wachezaji bora waliokwisha kujulikana. Mshambuliaji wake Majid Musisi alipohamia Rennes ya Ufaransa mwaka 1992, jina la Villa lilikuwa kubwa kiasi kwamba kijana yeyote wa Kampala angeacha timu yake ili avae jezi ile ya buluu.

Udhaifu wa njia hiyo ulijificha ndani ya uzuri wake. Wafadhili walipochoka, wengine wakizeeka, klabu haikuwa na chemchemi yake yenyewe ya kuchota wachezaji. Ilisubiri taji la 17 kwa miaka 20. Liliporejea mwaka 2024, chini ya rais aliyechaguliwa, mfanyabiashara Omar Mandela, na kocha Mserbia Dusan Stojanovic, lilipatikana kwa kikosi chenye vijana wengi. Msimu uliofuata kombe likarudi Kitende. Kwa shabiki wa Villa ilikuwa furaha ya mwaka mmoja, ingawa baada ya kungoja miongo miwili hakuna aliyethubutu kuidharau.

Miaka sita chini ya macho ya kocha

Kitende ni jina la mahali, lakini kwa wapenzi wa michezo nchini Uganda ni jina la shule: St Mary's. Mwenye shule hiyo, Lawrence Mulindwa, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Soka Uganda FUFA kuanzia 2005 hadi 2013, ndiye pia mwenye Vipers, klabu iliyokuwa ikiitwa Bunamwaya ilipotwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 2010. Uwanja wa klabu, uliofunguliwa mwaka 2017, uko hapo hapo na unaitwa kwa jina la shule.

Faida ya mpango huo ni rahisi kueleza. Elimu ya sekondari nchini Uganda huchukua miaka sita, minne ya ngazi ya kawaida na miwili ya ngazi ya juu. Mwanafunzi wa bweni mwenye kipaji hula, hulala, husoma na kufanya mazoezi mahali pamoja kwa muda huo wote. Kocha humwona akiwa mgonjwa, akiwa amekasirika, akiwa amefungwa mabao manne mvuani. Hufahamu kama goti lake litahimili na kama akipewa amri ataifuata. Klabu nyingine humtazama mchezaji kwa michezo miwili au mitatu, kisha hubahatisha. Kitende haibahatishi sana.

Si kwamba Vipers huishi kwa wanafunzi pekee. Mshambuliaji Cesar Manzoki, aliyeongoza safu yake ya ushambuliaji katika msimu wa ubingwa wa 2021/22, hakuwa zao la shule hiyo. Wala Allan Okello hakuwa. Jambo la msingi ni kwamba klabu isiyolazimika kununua kikosi kizima hubakiwa na fedha za kununua wachezaji wawili au watatu wanaoamua michezo migumu. Anayelima chakula chake huenda sokoni kutafuta chumvi na mafuta tu.

Mfano wa Okello unastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana unaonyesha pia mahali KCCA ilipofika na ilipokwama. Chini ya kocha Mike Mutebi, aliyeiongoza kuanzia 2015 hadi Machi 2021, KCCA iliamua kuwatumia vijana wa timu yake ya pili bila woga. Okello alipanda kutoka humo akiwa bado na umri wa mwanafunzi. Ubingwa ulikuja mwaka 2016, 2017 na 2019. Mwaka 2018 klabu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, jambo ambalo hakuna timu ya Uganda iliyokuwa imelifanya kabla, na mwezi Mei ikaifunga Al Ahly ya Misri mabao 2-0 mjini Kampala. Kisha wakaanza kuondoka. Patrick Kaddu alikwenda Berkane ya Morocco mwaka 2019, Okello akaenda Paradou ya Algeria Januari 2020, na Mustafa Kizza akaelekea Montreal mwaka huo huo.

Kuuza si kosa. Kwa klabu ya Uganda, ada ya uhamisho ni miongoni mwa mapato machache ya kweli. Kosa huja pale ambapo kocha aliyewalea vijana anaondoka, na aliyemfuata anatakiwa kushinda Jumamosi ijayo. KCCA haikutwaa tena ubingwa wa ligi katika misimu iliyofuata hadi 2025. Okello aliporejea Uganda, baadaye alivaa jezi ya Vipers na kuwa nguzo ya ubingwa wa 2024/25. Lugogo ilipanda mbegu, Kitende ikala tunda.

Upande wa wanawake unaithibitisha hoja hiyo kwa uwazi zaidi, na tena karibu zaidi na Kasubi. Katika tarafa jirani ya Kawempe, timu ya shule ya sekondari ya Kawempe Muslim imekuwa bingwa wa ligi ya juu ya wanawake nchini zaidi ya mara moja, ikishindana na klabu za watu wazima. Juliet Nalukenge, aliyekwenda kucheza Cyprus, alitokea hapo. Kwa soka la wanawake la Uganda, shule haikuwa njia ya kuingilia klabuni. Kwa muda mrefu shule ilikuwa ndiyo klabu yenyewe.

Somo la Oakland, na sehemu yake iliyosahaulika

Wasikilizaji wanaoishi Marekani, na wengine wanaofuatilia besiboli kwa mbali, watakumbuka habari ya Oakland Athletics ya mwaka 2002. Kwa mishahara ya takriban dola milioni 40, chini ya theluthi moja ya ile ya New York Yankees, timu hiyo ilishinda michezo 103 katika msimu wa kawaida, idadi ile ile waliyoifikia Yankees. Meneja mkuu Billy Beane alisifiwa kwa kutafuta wachezaji ambao soko liliwadharau, hasa wapigaji waliojua kufika kituo cha kwanza hata kama walionekana wazito au wazee. Kitabu kikaandikwa, na filamu ikafuata.

Kisichosimuliwa sana ni kwamba mhimili wa kikosi kile ulikuwa warushaji watatu, Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, na wote watatu Oakland iliwateua yenyewe walipokuwa wakitoka katika besiboli ya vyuo. Werevu wa takwimu uliziba mapengo. Nguzo zenyewe zilikuzwa nyumbani. Tena Wamarekani wana utaratibu wa kugawana vipaji: kila mwaka timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na zilizofanya vibaya hutangulia. Uganda haina utaratibu huo. Anayechagua kwanza ni mwenye bweni.

Besiboli nayo imefika Uganda, na imepitia mlango ule ule wa watoto na shule. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, lakini ikanyimwa viza kwa sababu ya mashaka juu ya hati za umri. Mwaka uliofuata timu kutoka Lugazi ilifuzu na kusafiri, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Mwaka 2015 wawakilishi wa Uganda waliifunga Jamhuri ya Dominika 4-1, nchi ambayo watoto wake huzaliwa na glavu mkononi. Walitoka katika shule ya Mpigi, iliyojengwa na Mmarekani Richard Stanley na kuwekewa viwanja vya mchezo huo. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers, moja ya klabu tajiri zaidi katika besiboli, iliwasajili warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Klabu yenye uwezo wa kumnunua nyota yeyote bado huona maana ya kutafuta kijana asiyejulikana mahali ambapo wengine hawajafika.

Ukuta wa bara

Hata hivyo, njia ya Kitende ina mipaka, na mipaka hiyo ilionekana katika msimu wa 2022/23. Oktoba 2022 Vipers iliitoa TP Mazembe kwa mikwaju ya penalti huko Lubumbashi na kufuzu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wakati huo Manzoki alikuwa amekwisha kwenda China. Januari 2023, kabla ya michezo ya makundi kuanza, kocha Roberto Oliveira alichukuliwa na Simba ya Tanzania, ambayo ilikuwa katika kundi lile lile. Vipers ikamaliza mkiani.

Simba na Yanga hazina shule kama ile. Zina wafadhili wakubwa, fedha za televisheni na viwanja vinavyojaa, na kwa hayo hununua kutoka bara zima, Uganda ikiwemo. Emmanuel Okwi aliondoka Villa kwenda Simba, na wengi wamefuata barabara hiyo ya kusini. Kwa hiyo ile klabu inayoonekana tajiri ikitazamwa kutoka Kasubi, huonekana duka la jumla ikitazamwa kutoka Dar es Salaam. Shule hutoa mabingwa wa nchi. Kuwabakisha wachezaji baada ya ubingwa kunahitaji mapato ambayo soka la Uganda halijayapata.

Kuna pia hatari ya mmiliki mmoja. Vipers imejengwa juu ya nia, ardhi na fedha za mtu mmoja, kama vile Villa ya zamani ilivyojengwa juu ya wafadhili wachache. Tofauti ni kwamba Mulindwa amejenga majengo, na majengo hubaki. Lakini kama nia itabaki pamoja nayo, hilo halijapimwa.

Jina kwenye daftari

Yote hayo yanamrudisha mtazamaji Kasubi, kwa yule kocha wa mtaani anayewafundisha watoto wa miaka 10 bila mshahara, kwa mipira miwili na koni za chupa za plastiki. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ipo pia fidia ya mafunzo. Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanasimamiwa na chombo maalumu cha FIFA ili klabu ndogo zisizungushwe na kubwa.

Lakini fedha hizo hufuata karatasi. Hulipwa kwa klabu ambayo mchezaji alisajiliwa kwayo rasmi, kwa tarehe inayojulikana. Timu ya mtaa isiyosajiliwa haipo mbele ya kanuni hiyo, hata kama ndiyo iliyomfundisha mtoto kupiga mpira kwa mguu wa kushoto. Shule nayo si klabu, na ndiyo sababu kuwa na vyote viwili chini ya paa moja, kama ilivyo Kitende, ni faida ya kifedha na si ya kiufundi pekee. Ikiwa kijana wa Kasubi atauzwa Ulaya siku moja, kilicholipwa kitaanza kuhesabiwa pale jina lake lilipoandikwa mara ya kwanza, na kwa wengi wao hapo si Kasubi.

Mlango mwingine upo. Kombe la Masaza, linaloshindaniwa tangu 2004 na timu za kaunti 18 za ufalme wa Buganda, huwapa nafasi vijana ambao hawakupitia shule kubwa. Kasubi iko katika kaunti ya Kyadondo, na mchezaji wa Kyadondo anaweza kuonekana na klabu za ligi kuu kwenye mashindano hayo. Ni mlango mwembamba, tena hufunguka kijana akiwa amekaribia utu uzima, wakati wenzake wa shule wamekwisha kula miaka sita ya mazoezi ya kila siku.

Kwa mzazi, hesabu haihusu kombe. Ufadhili wa mwanamichezo kwa kawaida huambatana na kucheza. Goti likivunjika katika mwaka wa tatu, suala la karo hurudi mezani. Wengi wa vijana wanaopokewa hawatafika ligi kuu, na watakachotoka nacho ni cheti, ikiwa walisoma. Wazazi wenye busara huuliza kwanza nani anawafundisha hisabati wachezaji waliokosa vipindi kwa sababu ya safari za mashindano, kabla ya kuuliza juu ya uwanja. Shule zenye jibu la swali hilo si nyingi.

Matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nchini Uganda kwa kawaida hutoka mwanzoni mwa mwaka, na uteuzi wa wanafunzi wa kidato cha kwanza hufuata muda mfupi baadaye. Karibu na siku hizo hizo dirisha dogo la usajili la ligi huwa wazi, na redio za Kampala hujaa majina ya wachezaji wanaohama kutoka klabu moja hadi nyingine. Majina ya wale wa miaka 13 wanaokwenda bwenini na godoro na viatu vya mpira hayatajwi.